Lisome Faili kwa Macho Kabla ya Kulisoma kwa Python

Kila mwaka darasani kwangu hakosi mwanafunzi aliyekariri programu ya kusoma faili, mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Mpe faili jingine, anakwama. Maoni yangu ni kwamba tatizo si Python. Tatizo ni kuandika programu kabla ya kulitazama faili lenyewe.

Chukua mfano wa hapa kwetu Mbinga. Msimu wa kahawa, mkulima hupeleka mzigo AMCOS, unapimwa na kilo zinaandikwa. Tuseme karani ameingiza namba za wakulima watatu na kilo zao kwenye faili la kahawa.txt, akitenganisha kwa mkato:

101,1,250.5
102,840
103,96.5

Wewe na mimi tunajua kuwa 1,250.5 ni kilo elfu moja mia mbili hamsini na nusu. Python haijui. Ukitumia split(","), mstari wa kwanza unakatika vipande vitatu: 101, 1 na 250.5. Programu inachukua kipande cha pili kuwa kilo, yaani kilo 1. Jumla inakuwa 937.5 badala ya 2187.0, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Mkulima aliyepalilia, akachuma na kuanika amepotezewa kilo 1,249.5 kwa sababu ya mkato mmoja. Kosa lisilopiga kelele ndilo baya zaidi.

Dawa ni kuandika namba bila mkato wa maelfu, na kuchagua kitenganishi kisichoweza kuingia ndani ya namba, kama nukta mkato:

101;1250.5
102;840
103;96.5

Kisha programu:

jumla = 0
with open("kahawa.txt") as faili:
    for mstari in faili:
        sehemu = mstari.strip().split(";")
        jumla = jumla + float(sehemu[1])
print(jumla)

Hapa strip huondoa nafasi na alama ya mwisho wa mstari, split hukata mstari, na float hugeuza maandishi kuwa namba. Python huanza kuhesabu na 0, ndiyo maana kipande cha pili ni sehemu[1].

Usiisahau float. Kila kinachosomwa kwa njia hii hutoka kikiwa maandishi. Mvuvi wa Liuli akiuza ndoo 12 za dagaa leo na 15 kesho, "12" + "15" itakupa 1215, si 27.

Wapo watakaosema: kwa nini tuhangaike, wakati loadtxt ya numpy inamaliza kazi kwa mstari mmoja? Ni kweli, ni chombo kizuri. Lakini kwa faili kama hili nayo inataka uitajie kitenganishi, na asiyelitazama faili atataja nini?

Umeme ukikatika shuleni, usifunge daftari. Andika mistari mitatu ya data kwenye karatasi, fuata programu hatua kwa hatua, na andika thamani ya jumla kila mzunguko: 1250.5, kisha 2090.5, kisha 2187.0. Ukiweza hivyo, faili lolote utakalopewa kwenye mtihani halitakutisha, na siku ukikabidhiwa kilo za watu, hazitapotea mikononi mwako.