BEI YA TAMKO HAIPULIZI SALFA



Wapo wenzetu wanaokaa barazani wakisema, "Ah, tulieni, serikali itatangaza bei, mambo yatakuwa mazuri." Mimi napinga. Mwenye kusema hivyo amesahau msimu wa 2018. Tukumbushane.

Mwaka 2017 korosho ilifika zaidi ya shilingi 4,000 kwa kilo mnadani, na nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Oktoba 2018 wanunuzi wakaja na bei chini ya shilingi 3,000. Wakulima wa Tandahimba na Newala wakakataa kuuza. Novemba 12 Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua kwa shilingi 3,300, na jeshi likaja kubeba. Tulishangilia, na tulikuwa na haki.

Lakini jamani, bei ile ilimfikia nani? Yule aliyekwisha uza korosho ikiwa bado maua, kwa mtu wa kangomba, apate unga wa nyumbani na salfa ya shamba, hakuiona. Mzigo ulikwenda ghalani kwa jina la mwingine. Serikali ikasema kangomba asilipwe, ikaanza kuhakiki mashamba. Nia ilikuwa njema. Ila mkulima wa kweli alisimama foleni moja na mlanguzi, na wapo walioingia msimu wa 2019 hawajapata hata senti. Bei ilikuwa redioni, siyo mfukoni.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hatulisemi sana. Sheria iliyokuwapo ilirudisha asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi inayouzwa nje kwenye maendeleo ya zao lenyewe. Humo ndimo salfa ilimotoka. Juni 2018, miezi mitano kabla ya ile bei, Bunge lilifuta fungu hilo, ushuru wote ukaenda Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa kusini walipiga kelele, hawakusikilizwa.

Kwa hiyo Juni tuliondolewa kilichokuwa chetu kwa sheria, Novemba tukapewa kingine kwa tamko, nasi tukapiga makofi! Msimu ule mavuno yakashuka hadi karibu tani 225,000. Sisemi sababu ni moja tu. Lakini kila mmoja wetu anajua: mkorosho usiopuliziwa wakati wa maua huliwa na ubwiriunga. Korosho ambayo haipo, hata ukiitangazia shilingi 5,000, haina faida kwa mtu.

Ruzuku ya bei humfuata mwenye mzigo ghalani. Ruzuku ya salfa humfuata mwenye shamba, hata mjane wa mikorosho ishirini. Ndiyo maana nasema hiyo ya pili ndiyo yetu.

Najua mtaniuliza, "Na salfa je, si nayo inaliwa njiani?" Kweli inaliwa. Inaliwa kwa sababu daftari liko kwa watu wawili watatu. Basi tuandike wenyewe: kila mtu na mikorosho yake, na mifuko aliyopokea, kisha majina yasomwe mbele ya wote. Mwenye kuogopa kusomwa tutamjua.

Miaka ya karibuni pembejeo za ruzuku zimerudi. Tunashukuru. Ila kinachokuja kwa hisani huondoka bila hodi. Kwa hiyo kwenye mkutano mkuu nitatoa hoja, naomba mniunge mkono: chama kiulize kwa maandishi, ushuru wa korosho yetu ni kiasi gani, fungu la mkulima limeandikwa wapi, na salfa itafika kabla ya maua au baada. Jibu libandikwe hapa hapa ukutani.

Tusingoje kutangaziwa. Tuulize sasa, kabla mikorosho haijachanua.

Umoja ni nguvu!

Mwanachama mwenzenu

(Usichane karatasi hii. Mwenzako bado hajasoma.)