Kicheko Darasani

Ewe msomaji, mwanafunzi asomapo neno la Kiingereza ‘debt’, yaani deni, akalitamka pamoja na ile b, darasa zima huangua kicheko. Wamcheka kwa kosa gani? Amesoma kilichoandikwa, kama alivyozoezwa na Kiswahili tangu utoto.

B hiyo ni mgeni asiyealikwa. Waingereza walilitwaa neno hilo kwa Wafaransa, nao zamani wakiliandika ‘dette’. Baadaye wanazuoni wao, kwa kukitukuza Kilatini, waliipachika b ili lifanane na ‘debitum’. Kalamu ikakubali, ulimi ukakataa. Katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo Love’s Labour’s Lost, iliyopigwa chapa mwaka 1598, yumo mwalimu Holofernes awakemeaye wasioitamka b hiyo. Leo kijana wetu achekwa kwa kumtii Holofernes!

Sisemi aachwe akosee. Na atamke ‘det’, akomee kwenye t pasipo kuiongezea irabu, maana ‘deti’ nalo si Kiingereza. Lakini kwanza asikizwe neno, ndipo aonyeshwe ubaoni, tena aelezwe sababu. Naye achekaye kule nyuma, mwulize alilitamkaje ‘doubt’ siku ya kwanza alipolikuta kitabuni.