Bukavu: Ruzizi III italeta megawati, lakini umeme utafika Kadutu?

Mji wa Bukavu uko pembeni ya mto unaotoa umeme kwa nchi tatu, lakini wakaaji wake wengi bado wanapika kwa makala na kungoja zamu yao ya umeme. Mpango mkubwa unaotegemewa kumaliza shida hiyo ni bwawa jipya la Ruzizi III. Ni mpango wa maana, ila peke yake hautatosha, kwa sababu shida nyingi za mji ziko kati ya bwawa na nyumba ya mteja.

Kwa sasa umeme wa Bukavu unatoka hasa Ruzizi I, kiwanda kilichoanza kazi mwaka wa 1958, karibu na pale mto unapoacha ziwa Kivu. Kinaendeshwa na SNEL, shirika la umeme la serikali. Hata mashine zake zote zikizunguka, nguvu yake haifiki megawati 30. Chini yake iko Ruzizi II, ya mwaka wa 1989, yenye megawati karibu 44. Hiyo ni mali ya Congo, Rwanda na Burundi kupitia shirika la SINELAC, na umeme wake unagawanywa.

Ruzizi I ilijengwa wakati wa ukoloni, mji ukiwa mdogo. Leo Bukavu ina watu zaidi ya milioni moja, na umeme wa Ruzizi unapelekwa pia Goma. Ndiyo maana ya delestaji: mtaa mmoja unawaka, mwingine unazimwa. Mwenye kinu anangoja usiku kusaga unga, mchomeleaji anawasha jenereta, na muuza samaki anapoteza mali yake friji ikizima.

Hesabu ya Ruzizi III

Ruzizi III inapangwa kujengwa chini ya Ruzizi II, kwenye mto huohuo, na kutoa megawati karibu 206. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali kuchangia tangu mwaka wa 2015. Mikataba na kampuni ya kujenga na kuendesha bwawa ilitiwa sahihi Kinshasa mwaka wa 2019, na Benki ya Dunia ilikubali kutoa pesa mwaka wa 2025. Umeme ukigawanywa sawasawa, kila nchi itapata karibu megawati 68. Kwa Congo, hiyo ni zaidi ya mara mbili ya nguvu yote ya Ruzizi I.

Lakini megawati hizo zitapita wapi? Katika mitaa mingi ya Kadutu, Ibanda na Bagira, kabini moja inabeba nyumba nyingi kuliko uwezo wake. Nyaya zimeunganishwa kiholela, zinapita juu ya nyumba za mbao, na moto ukianza unakula nyumba nyingi kwa mara moja. Ukiongeza umeme kwenye kabini iliyozidiwa, unaongeza pia hatari ya kuungua. Pesa za bwawa zimetafutwa kwa zaidi ya miaka kumi. Pesa za kabini, nyaya na kontere zinahitaji mpango wake, wenye tarehe na majina ya mitaa.

Takataka na malipo

Shida ya pili inatoka mjini kwenyewe. Mvua ikinyesha, chupa na mifuko ya plastiki inateremka milimani, inaingia mto Kawa, inafika ziwani, kisha inasukumwa mpaka kwenye mlango wa Ruzizi I. Takataka zimewahi kusimamisha mashine na kuacha mji gizani. Na kwa kuwa maji yanayopita Ruzizi I ndiyo yanashuka Ruzizi II na kesho Ruzizi III, mji usiokuwa na mahali pa kutupa uchafu unaweka mto mzima hatarini.

Ya tatu ni malipo. Mteja asiye na kontere analipa bei ya jumla, awe amepata umeme siku ishirini au siku tano. Analalamika, wengine wanaacha kulipa, na shirika linakosa pesa za kutengeneza mitambo. Goma imeonyesha njia nyingine. Sheria ya mwaka wa 2014 ilifungulia makampuni ya binafsi mlango wa umeme. Huko, Virunga Energies inatumia maji ya Matebe, na kampuni ya Nuru ilianza kutoa umeme wa jua mwaka wa 2020. Hayo hayakumaliza shida zote za Goma, lakini mji haubaki kutegemea mlango mmoja.

Makala ndiyo kipimo

Umeme wa maji unaitwa safi. Kwa mama anayewasha mbabula kila asubuhi, usafi huo bado haujafika. Makala yanayopanda bei kila mwaka yanatoka misituni, pamoja na msitu wa Kahuzi-Biega. Hakuna familia itakayoacha mbabula kwa ajili ya umeme unaokatika chakula kikiwa jikoni. Umeme wa hakika na wa bei nafuu ndio utakaolinda msitu.

Juu ya yote kuna vita. Tangu Februari 2025 Bukavu iko mikononi mwa AFC/M23, huku SNEL ikiwa shirika la serikali ya Kinshasa. Mto wenyewe ni mpaka wa Congo na Rwanda, nchi zilizotia sahihi mapatano ya amani Washington tarehe 27 Juni 2025. Bwawa la nchi tatu linahitaji nchi hizo ziaminiane kwa miaka mingi.

Bila amani, Ruzizi III inaweza kukawia tena. Kusafisha mto, kubadilisha kabini zilizozidiwa na kugawa kontere ni kazi ndogo zaidi, na hazina sababu ya kungoja bwawa. Zisipofanyika, siku megawati 68 zitakapofika, zitasimama kwenye kabini ileile inayozimika leo.