Ndege Ni Yako, Breki Je?

Marekani mtu anaruhusiwa kujenga ndege kwenye gereji ya nyumbani kwake kisha akairusha mwenyewe. Sharti ni kwamba sehemu kubwa ya kazi iwe ya mtu binafsi anayejenga kwa kujifunza au kujifurahisha. Akimaliza, anaweza kuomba cheti cha FAA, mamlaka ya anga ya huko, aikague mwenyewe kila mwaka.

Safi sana! Ila mimi naona uhuru huo hupimwa kwenye vitu vidogo, kama breki zinazobana.

Rubani kaachia pedali, gurudumu bado zito. Wapo wanaosema "zitazoea tu", wanaongeza nguvu ya injini, safari inaendelea. Sikubaliani nao hata kidogo. Kwenye nyingi ya ndege hizi gurudumu la mbele linajizungukia tu, kona hukatwa kwa kukanyaga breki ya upande mmoja. Breki ikibana, diski inachemka, mafuta yake yanatanuka na kubana zaidi, sili zinaungua, mafuta yanavuja. Yale mekundu yaitwayo MIL-H-5606, mvuke wake huweza kudaka moto kuanzia nyuzi joto 82 hivi. Juu yake kuna kifuniko cha fiberglasi. Picha unaipata.

Kipimo chake ni rahisi. Inua gurudumu kwa jeki, lizungushe kwa mkono. Likigoma, legeza kidogo skrubu ya kutolea upepo. Likiachia, presha ilikuwa imenaswa: angalia kama masta silinda inarudi mpaka mwisho, au pedali imefungwa vibaya inaisukuma muda wote. Lisipoachia, ugonjwa uko gurudumuni: pini za kalipa zina kutu, pistoni imekwama, au diski imepinda. Na kama kuna aliyejaza mafuta ya breki za gari, sili huvimba. Hapo kumwaga mafuta hakutoshi, sili nazo zibadilishwe.

Wengi hukimbilia kubadili pedi. Kwa nini? Kwa sababu pedali ikifungwa vibaya, aliyeifunga ni yeye. Mjenzi ndiye fundi, ndiye mkaguzi. Kesi ya nyani, hakimu ngedere!

Siombi uhuru huo ufutwe. Nasema anayestahili kuwa nao ni yule aliye tayari kufungua nati alizozikaza kwa mikono yake.

Wewe unaonaje?