Simu Iishie Kwenye Gari

UVIKO-19 ulipoingia nchini Tanzania Machi 2020, wengi walianza kuizungumzia tiba mtandao kana kwamba mkunga anaweza kuhamia ndani ya simu. Hawezi. Presha haipimwi kwa maneno, na mtoto aliyelala vibaya tumboni hutambuliwa kwa mikono ya aliyesomea kazi hiyo. Makala haya yanatetea dai dogo zaidi ambalo ni gumu kulitimiza: simu ya ukunga huokoa pale inapomwondoa mama alipo na kumfikisha anapopaswa kuwa. Watu wa Busisi wanalijua hili kuliko sisi tunaoliandika. Hadi Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025, mjamzito aliyepewa rufaa ya Hospitali ya Bugando jijini Mwanza kutoka Sengerema aliweza kufika ufukweni Busisi akakaa kusubiri kivuko cha kwenda Kigongo, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, na ushauri wa simu, hata ungetoka kwa daktari bingwa, haukuipunguza ghuba ile hata kwa mita moja.

Ushahidi ulikuwapo kabla ya janga. Katika utafiti uliofanyika Unguja mwaka 2009 na 2010, wajawazito walitumiwa ujumbe mfupi na kupewa vocha za kumpigia mkunga. Asilimia 44 yao walihudhuria kliniki mara nne au zaidi, ilhali kwa wenzao wasiopewa ilikuwa asilimia 31. Faida hiyo si ndogo. Lakini siku ya kujifungua, ongezeko la waliozalishwa na wataalamu lilionekana kwa wanawake wa mjini, si kwa wa shamba. Ninavyousoma mimi, ujumbe ulimfikia mwanamke wa shamba. Alichokosa ni chombo cha kumbeba. Hapo ndipo ulipo uzito wa m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito uliojaribiwa Sengerema miaka kadhaa kabla ya janga. Anayepiga 115, bila malipo, huulizwa dalili, kisha hutafutiwa gari la wagonjwa. Lisipopatikana, huitwa dereva wa eneo hilo aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa simu. Nairobi ilifikia jawabu hilohilo Aprili 2020, wakati wa kafyu: Dkt. Jemimah Kariuki alianzisha Wheels for Life, ambapo mjamzito alizungumza na daktari kwa simu, na akihitaji hospitali, gari likatumwa.

Wapo wanaosema simu ni ya mume, na mara nyingi ni kweli. Ndiyo maana dalili za hatari, kama damu kutoka, degedege au kichwa kuuma sana, hazina budi kufundishwa kwa mume, mama mkwe na jirani pia, kwa kuwa yeyote kati yao anaweza kupiga 115. Majibu ya kipimo cha VVU ni jambo jingine kabisa: hayo yasipite kwenye simu inayoshikwa na watu wawili. Pingamizi zito zaidi ni la mkunga aliye peke yake zahanati, anayezalisha huku simu inaita. Kumwongezea simu bila kumwongezea mwenzake ni kumdhulumu yeye na mama aliye kitandani. Saa za kujibu simu ziandikwe kwenye zamu kama kazi nyingine yoyote. Nao wanaosema daraja limemaliza yote waangalie kisiwa cha Kome katika Ziwa Victoria: huko chombo ni boti, na bajeti ya simu isiyotaja mafuta ya boti bado haijamfikia mama wa Kome.