Ukoo Uulizwe: Barua ya Wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Ruvuma

Ndugu Mganga Mkuu,

Katika misiba ya Songea, kabla jeneza halijatoka nyumbani, msemaji wa familia husoma wasifu wa marehemu: alikozaliwa, alikosoma, watoto aliowaacha, na maradhi yaliyomwondoa. Kisha karatasi hukunjwa na kuwekwa kabatini.

Karatasi hiyo ingefaa kusomwa na daktari, kwa kuwa maradhi ya ukoo yanaweza kumwonya mapema.

Mwaka 1895, huko Ann Arbor, Marekani, mshona nguo mmoja alimwambia Dk. Aldred Warthin kwamba atakufa kwa saratani, kwa sababu jamaa zake wengi walikufa kwa saratani ya utumbo au ya kizazi. Warthin hakumpuuza. Aliufuatilia ukoo mzima na kuandika habari zake mwaka 1913. Mwanamke yule alifariki kwa saratani ya kizazi, kama alivyotabiri. Miaka ya 1960 Dk. Henry Lynch aliendeleza kazi hiyo, na mwaka 1993 ikatambuliwa jeni ya MSH2, ambayo ndiyo iliyokuwa na hitilafu katika ukoo ule.

Jeni hiyo husahihisha makosa seli inaponakili vinasaba. Ikiharibika, makosa hurundikana mpaka saratani izuke, mara nyingi mapema kuliko kawaida. Kila mtoto wa mzazi mwenye hitilafu hiyo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi.

Wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka 1990 waliweka kigezo cha kutambua familia za namna hii, kisichohitaji maabara ya jeni: jamaa watatu wenye saratani ya utumbo mpana, mmoja akiwa mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja wa wale wengine wawili; vizazi viwili vinavyofuatana; na angalau mmoja aliyegunduliwa kabla ya miaka 50.

Kugundua mapema kunaokoa. Nchini Finland familia za namna hii zilifuatiliwa kwa miaka 15, na kwa waliochunguzwa utumbo kwa kamera kila miaka mitatu, saratani ilipungua kwa zaidi ya nusu. Hapa kwetu, damu kwenye choo huitwa bawasiri au amiba, dawa hununuliwa dukani, na wengi hufika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ugonjwa umeshasambaa. Vifo vikifuatana katika nyumba moja, wapo wanaoanza kumtafuta mchawi.

Ombi ni hili: kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hadi Hospitali ya Peramiho, faili la kila mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana liwe na ukurasa wa ukoo wenye maswali matatu: nani mwingine aliugua saratani, ya kiungo gani, na akiwa na umri gani. Majibu yakitimiza kigezo cha Amsterdam, watoto na ndugu wa mgonjwa waitwe, waelezwe kwa siri na heshima, na wapewe rufaa ya kuchunguzwa kwa kamera hata kama hawaumwi.

Na familia zenye karatasi za wasifu kabatini, zinaombwa kwenda nazo kliniki.