Bima ndogo inatosha, ila siyo kwa gari la dada yangu

Nyuma ya jengo letu la mihadhara kuna maegesho ambayo jioni hugeuka kijiwe. Wenye Vitz, Passo, IST na zile Corolla za zamani ambazo mtu kaachiwa na mjomba wake husimama pale kungoja foleni ipungue. Mada zinajulikana: bei ya mafuta, fundi gani habadilishi spea zako kimyakimya, trafiki wamesimama wapi leo. Na kila baada ya wiki chache kuna mmoja ambaye bima yake inakaribia kuisha. Jibu analopewa ni lile lile, tena linatoka kwa watu watatu kwa mpigo: "Kata ndogo, inatosha. Kubwa ya nini na wewe ni mwanafunzi?"

Hata mimi nimelitoa jibu hilo mara nyingi, na bado naamini ni sahihi kwa wengi tunaosimama pale. Ninachokipinga ni sababu yetu. Tunasema inatosha kwa kuwa bei yake ni nafuu na trafiki akiiona anaridhika. Kwa kigezo hicho, nilipokuwa naendesha gari la dada yangu nilikuwa na bima ya kutosha kabisa. Yaliyonikuta baadaye ndiyo yamenifanya niandike hapa.

Kwanza tujue tunanunua nini. Katika mkataba wa bima mtu wa kwanza ni wewe, wa pili ni kampuni, na wa tatu ni mwingine yeyote ambaye gari lako linaweza kumdhuru: anayevuka barabara, mwenye bodaboda, mwenye gari la mbele yako. Bima ndogo ni kwa ajili ya huyo wa tatu. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, ndiyo inayotulazimisha kuwa nayo kabla ya kuingia barabarani, na shabaha yake ni vifo na majeraha ya watu. Uharibifu wa mali ya mtu huongezwa na kampuni kwenye mkataba, na una ukomo. Ukomo huo umeandikwa, lakini sijawahi kukutana na mtu pale kijiweni anayeujua wa kwake. Ukigonga Vitz ya mwenzako huenda ukatosha. Ukiifumua V8 kwa nyuma, kinachozidi ukomo ni chako.

Gari lako wewe halimo kabisa. Likiingia mtaroni, likibebwa na maji pale Jangwani, likiungua kwa shoti ya waya, likiibwa usiku, bima ndogo haina la kusema. Hata vioo vya pembeni vikinyofolewa ukiwa unakula chipsi, ni juu yako, na ndiyo maana watu wa Dar wanachonga namba za gari kwenye vioo na taa.

Sasa gari la dada. Dada yangu ni mwalimu wa sekondari mkoani. Alikopa benki kwa dhamana ya mshahara wake, akanunua IST kwa shilingi milioni 12, makato ya miaka minne. Gari likabaki Dar kwangu, kwa makubaliano kwamba Ijumaa hadi Jumapili nitalifanyia kazi ya taksi mtandao, nimtumie laki na nusu kila mwezi, kinachobaki kiwe changu. Kwangu ilikuwa neema. Boom likichelewa, mimi sikuwa na presha.

Siku ya kukata bima, wakala alituandikia hesabu mbili. Bima kubwa ilikuwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari, yaani 420,000, ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 495,600. Ndogo, ya gari binafsi, 118,000, VAT ikiwa ndani. Dada akanipigia simu: "Wewe ndiye uko na gari, unaonaje?" Nikamjibu maneno ya kijiweni, neno kwa neno. Tofauti ya 377,600 tukainunulia tairi mbili na redio yenye skrini.

Ilikuwa Machi, usiku, mvua inanyesha. Nimembeba dada mmoja kutoka Makumbusho kwenda Changanyikeni. Tumebakiza mwendo mfupi kufika, daladala ya mbele yangu ikafunga breki ghafla. Nikakwepa kushoto, gari likateleza, likapita juu ya meza ya genge na kuishia mtaroni. Daladala haikuguswa. Dereva wake aliendelea na safari, nadhani hadi leo hajui chochote. Namshukuru Mungu mwenye genge alikuwa ameshafunga na kwenda nyumbani. Abiria wangu alipasuka mdomo na shingo ikamsumbua kwa siku mbili. Eabegi zote mbili zilifyatuka. Ukijumlisha hizo, show ya mbele, boneti, rejeta na taa, fundi aliniandikia milioni 3 na laki 8.

Kwa upande wa gari hapakuwa na wa kumdai. Nilijigonga mwenyewe, na bima ndogo haimjui anayejigonga mwenyewe. Hilo nililielewa palepale mtaroni, maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu.

Nilichochelewa kuelewa ni suala la genge. Yule mama ndiye mtu wa tatu hasa, yule ambaye bima ndogo ipo kwa ajili yake: meza yake, mwavuli wake, mizani yake. Nikampigia wakala nikijua kwamba angalau hapa kampuni italipa. Akanisikiliza, kisha akaniuliza taratibu, "Ulikuwa unaenda wapi, na nani?" Nikanyamaza. Bima yetu ilikuwa ya gari binafsi, na mimi nilikuwa nimebeba abiria wa kulipa. Fomu ya madai inauliza hilo, na jibu la kweli linampa mwenye kampuni sababu ya kukataa. Kudanganya sikutaka, na safari yenyewe imeandikwa kwenye programu ya simu, saa na dakika. Sikuijaza ile fomu. Asubuhi nilikwenda kwa yule mama, nikamwamkia, nikakaa kwenye ndoo yake iliyogeuzwa, tukahesabu hasara pamoja. Ikafika 180,000. Nililipa kwa boom, mara mbili.

Lakini 180,000 siyo iliyoninyima usingizi. Ni ile shingo. Kama ingevunjika, yule dada na familia yake wangetafuta fidia wapi? Kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili mwenye godoro na laptopu?

Hili ndilo kosa letu kubwa hapa chuoni, na halihusiani na ndogo wala kubwa. Tunaendesha magari binafsi Jumatatu hadi Alhamisi, Ijumaa yanageuka taksi, na tunadhani stika inatufuata popote. Gari linalobeba watu kwa malipo lina kundi lake la bima na bei yake, na LATRA nao wana leseni yao. Ukifanya kazi hiyo kwa bima ya gari binafsi, hata ukate kubwa ya asilimia yoyote ile, umenunua karatasi ya kumwonyesha trafiki. Nawajua si chini ya watu sita pale kijiweni wanaofanya hivyo wikiendi hii. Sitawataja. Wanajijua.

Tukishaliweka hilo sawa, ndipo swali la kutosha linakuja. Kigezo changu sasa ni hiki: kesho asubuhi ukikuta gari halipo, nani atalia, na kwa muda gani?

Nina rafiki ana Corolla aliyopewa na baba yake mdogo. Ukiiuza leo ukipata milioni 4 umshukuru mnunuzi. Haina deni, haibebi abiria, inakwenda Kimara na kurudi mchana. Ikipotea, jamaa atanuna wiki moja kisha atarudi kwenye mwendokasi. Kwake bima ndogo inatosha, na nitabishana na wakala yeyote atakayemtisha. Kwenye bima kubwa kuna eksesi, yaani ile sehemu ya kwanza ya hasara unayojilipia mwenyewe, kwa hiyo bampa kuchubuka na taa kuvunjika vingebaki kwake hata hivyo. Gari likifa kabisa, kampuni huangalia thamani yake ya siku ile, siyo bei ya kununulia wala mapenzi aliyonayo kwa gari. Na magari ya umri ule kampuni nyingine hata haziyapokei kwa bima kubwa. Hela ile aiweke pembeni, imsubiri fundi.

IST ya dada ilikuwa kinyume chake kwa kila kitu. Na hapa kuna jambo ambalo lingetuokoa kama tungelifikiria. Mtu akikopa na gari lenyewe likawa dhamana, benki humlazimisha kukata bima kubwa, tena huangalia kama ameihuisha. Mkopo wa dada ulikuwa wa mshahara. Benki haikuwa na habari kama hela imenunua gari au mabati. Gari liende mtaroni, liende mwezini, makato yanakatwa tarehe ile ile. Benki ilikuwa salama tangu mwanzo, ndiyo maana haikutulazimisha kitu. Sisi ukimya huo tukauchukua kama ruhusa.

Ipo pia ya katikati, ambayo kijiweni haitajwi kabisa: bima ndogo iliyoongezwa moto na wizi. Bei yake huwa kati ya hizo mbili. Kwa mtu anayepanga mtaani, gari linalala nje bila geti, lina thamani kiasi lakini haliendeshwi sana, naona ndiyo ya kwake. Mimi isingenisaidia, maana mtaro siyo moto wala mwizi. Ulizieni, msisubiri kuambiwa.

Najua mtakachosema, maana nimeshaambiwa: hela hakuna. Kweli, 377,600 kwa mwanafunzi siyo hela ya kutupa. Lakini aliyekuwa anatoa milioni 12 siyo mwanafunzi, na kama baada ya kununua gari la deni hubakiwi na hela ya kulilinda, basi umenunua gari lililokuzidi. Dada angechukua Passo ya milioni 8 na bima kubwa, angebaki na chenji. Hili hataki kulisikia, nami siwezi kumlaumu, kwa kuwa aliyemshauri ni mimi. Wengine hupunguza gharama kwa kuandikisha gari la milioni 12 kama la milioni 6. Wasome mkataba vizuri, kwani mara nyingi kuna kipengele kinachosema ukikatia nusu ya thamani, nawe utalipwa nusu ya hasara.

Na tusisahau kwamba wengi wetu hapa hatuna gari, sisi ndio watu wa tatu wa magari ya wengine. Bodaboda uliyopanda ikigongwa, usikubali elfu 50 ya barabarani huku mguu unauma. Chukua namba ya gari. Stika siku hizi ni za kielektroniki, kwa hiyo hapohapo kwa simu yako unaweza kuhakiki kwenye mfumo wa TIRA kama bima ni hai au ni ya vishoka. Polisi waje wapime, upate PF3, utibiwe, karatasi zote uzitunze. Kampuni ikikuzungusha, ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Bima ndogo ya aliyekugonga ni haki yako wewe, hata kama yeye aliikata kwa ajili ya trafiki.

Serikali yetu ya wanafunzi kila Novemba inawaleta benki na kampuni za simu na mahema yao, wanatugawia fulana. Walete na mtu wa TIRA jioni moja tu, akae pale pale maegesho. Fulana tunazo za kutosha.

Gari lilitoka gereji Juni. Dada alilipia kwa mkopo mwingine, wa SACCOS ya walimu, na kuna miezi mitatu alikatwa huku na huku kwa wakati mmoja. Hakunigombeza. Aliniuliza mara moja tu, "Mdogo wangu, si ulisema inatosha?" Sasa lina bima kubwa na halibebi abiria. Mimi nampelekea elfu 30 kila mwezi kutoka kwenye kazi ya kuchapa na kupanga ripoti za wenzangu, na kwa hesabu yangu nitakuwa nimeshahitimu kabla sijamaliza. Redio haikupata hata mchubuko.